Mito Kumi na Miwili

Kitambaa kilikuja kwa punda kutoka gatini,
robota la buluu iliyokolea
na juu yake hati ya dhahabu, imejikunja kama nywele za mtoto mchanga.
Mwenye nyumba ya wageni kule Shela alikishika kwa viganja viwili:
"Fundi Bunu, mito kumi na miwili, ya kukalia, ya barazani.
Nimeipenda sana hii michoro."

Michoro.
Nikavaa miwani. Nikasoma.
Ya Latifu, Ya Latifu, Ya Latifu,
upindo hadi upindo, yadi kumi na nane.

"Haya ni maneno," nikamwambia.
"Yanasema nini?"
"Ewe Mpole."
Akafurahi. Akasema hakuna neno bora kwa mgeni aliyechoka.
Na ulimi wangu, uliozoea kubishania bei ya uzi,
ukakosa pa kushika.
Hakuwa na dharau yule mama.
Mwenye dharau angenirahisishia kazi.

Jirani yangu Skanda akasema rudisha,
Jina la Mola halikaliwi.
Dukani kwake zimepangwa saa za plastiki zenye sura ya Kaaba,
zinaadhini kwa betri,
bei mia nne, mia tatu ukimbembeleza.
Sikumjibu. Nami ninayo moja,
imesimama saa tisa na robo tangu mwaka juzi.

Muuguzi Kadzo, aliyekuja kupunguza sare yake,
akasema alinunua Mombasa taulo yenye sura ya Bikira Maria.
Ameitundika ukutani. Haijawahi kugusa maji.
"Lakini aliyeitengeneza," akauliza, "alidhani nitajifuta nayo wapi?"

Jioni nikamkuta Mwanashee anambadilisha mjukuu.
Chini ya makalio ya mtoto, leso ya marehemu mama:
MOLA NDIYE MLINZI WANGU,
na mkojo umeshafika kwenye M.
Leso ile mama aliifunga kiunoni akipara samaki,
aliikalia mkekani siku za arusi,
akajifutia jasho, akafundika sarafu pembeni.
Hakuna aliyemuuliza: Mola wako umemfunga wapi?
Labda kwa kuwa ni herufi za shule ya serikali,
hazina udhu wa kutenguka.
Lakini nyanya alivaa leso za hati ya Kiarabu,
herufi zile zile za juzuu,
na watoto waliikojolea vile vile.

Nikashona.
Nilikigeuza kitambaa, cha ndani kikawa nje.
Jina likatazama pamba, mgongo ukatazama watu.
Buluu tupu. Nikajiona mwerevu.
Mama wa Shela alinuna kidogo, akalipa zote.

Siku tatu usingizi ukawa wa kuokoteza.
Kwani nilifanya nini, ila kumficha Mpole chini ya watu,
wao wakae bila kujua
na mimi nijue peke yangu?
Yeye alitaka Jina lionekane.
Mimi ndiye niliyelizika.

Ijumaa, baada ya swala, nikaenda Shela kwa miguu,
nikasema mshono umelegea.
Uongo, msikitini sijakauka udhu.
Nikarudi na mito kumi na miwili juu ya punda wa Lali,
na watu vichochoroni: fundi, unahamia wapi?

Iko juu ya kabati, imefika darini.
Hailaliwi, haikaliwi, haiuzwi.
Vipande vilivyobaki, Ya bila Latifu,
Lati, fu,
nimevichomeka kwenye ufa wa ukuta wa matumbawe,
pale baba alipokuwa akichomeka kurasa za chuoni
zilizofungiwa njugu sokoni.
Ufa umejaa.

Mama wa Shela ametuma mtu mara mbili:
mshono vipi?
Nasema kesho.
Mwanashee hunitazama, hasemi kitu.
Anakung'uta leso iliyofuliwa,
anaianika juani
na maneno yake yote.